Redio mpya ndani ya Vitz, Lubumbashi: shajara ya mradi, Juni hadi Agosti 2024

Naandika hatua kwa hatua jinsi ninavyobadilisha redio ya gari langu, Toyota Vitz ya 2012, usukani kulia, iliyotoka Japani ikapita Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa kama nyingi za hapa mjini. Nina lengo moja lenye tarehe: 1 Agosti, sikukuu ya wazazi hapa Kongo, nitampeleka mama Likasi kusafisha makaburi ya wazazi wake, na nataka njiani asikie kanda zake. Ni kaseti kumi na moja. Nyingine ni za kwaya aliyoimba ujanani, nyingine ni magitaa ya Katanga aliyoyanasa redioni. Hajazisikia tangu redio-kaseti ya nyumbani ilipokufa.

Bei zote ni nilizolipa mimi, kwa dola.

Jumamosi, 8 Juni. Redio iliyokuja na gari

Gari lilikuja na redio ya kioo yenye ramani ya Japani. Ilifanya kazi hadi mwezi uliopita, nilipobadilisha betri. Betri ilipotoka tu, redio ikajifunga. Sasa inaonyesha maandishi ya Kijapani yanayodai kadi ya ramani, kadi ndogo ya SD ambayo aliyeniuzia gari hakuwa nayo. Bila kadi hiyo na namba ya kuifungulia hakuna sauti yoyote.

Wapo vijana wanaofungua. Mmoja aliniambia dola 25. Nimekataa, kwa kuwa hata ikifunguka itabaki na ugonjwa wake wa kuzaliwa: inashika FM ya Kijapani, 76 hadi 90. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo karibu zote zinabaki nje.

Kabla haijajifunga nilikuwa nimejaribu kile kidude kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio ili kushusha masafa. Changu kinashusha kwa megahezi 14, maana yake stesheni ya 100 unaitafuta kwenye 86. Piga hesabu: unapata kuanzia 90 hadi 104, na zilizo juu ya 104 bado huna. Tena zile zenye mnara karibu zilikuwa zinavuja, mhubiri akisikika chini ya taarifa ya habari. Dola 5 zilizopotea. Nimekitoa, na redio nzima inafuata.

Jumamosi, 15 Juni. Kununua

Nimezunguka tangu asubuhi, kwanza maduka ya karibu na soko la Mzee Kabila, halafu Kenya (kwa wasomaji wa mbali: Kenya ni komini ya hapa Lubumbashi). Kila muuzaji anaanza na redio za kioo kikubwa zinazotumia Android. Zinavutia kweli. Niliomba moja iwashwe mbele yangu nikahesabu kwa saa ya mkononi: sekunde 41 kabla wimbo wa kwanza haujatoka, na kuongeza sauti ni kugusa kioo mara mbili tatu huku barabara inakusubiri. Hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya GB 1 tu. Nilimwazia mama akitaka kupunguza sauti kwenye gari linaloruka mashimo. Anahitaji kitufe cha kuzungusha.

Nimechukua redio ndogo ya 1-DIN, ile ya upana wa milimita 180 na kimo cha 50, isiyo na mlango wa CD. Ina USB mbele, tundu la AUX, Bluetooth, FM hadi 108, na kitufe kikubwa cha sauti. Dola 38.

Boksi limeandikwa wati 60 mara 4. Nimelisimamia hili dukani hadi muuzaji akanyamaza, na naomba yeyote atakayefuata njia hii alisimamie pia. Mgongoni mwa redio kuna fyuzi ya ampea 10. Injini ikiunguruma, gari linatoa volti 14.4. Kumi mara 14.4 ni wati 144 zinazoweza kuingia ndani ya redio kabla fyuzi haijakatika, zitatokaje 240? Na kwa kila spika ya omu 4, redio isiyo na kibadilisha volti ndani yake haiwezi kuvuka 14.4 mara 14.4 gawa kwa 8, yaani karibu wati 26, na kabla ya kufika hapo sauti imeshapasuka. Kwa hiyo redio ya "60" na ya "50" ni zilezile. Usilipe zaidi kwa ajili ya namba ya boksini.

Jumanne, 25 Juni. Betri imekufa

Jumamosi nilimwita fundi wa mtaani kwa dola 10. Nilinunua pia plagi za kubadilishia za Toyota, moja ya pini 10 na moja ya pini 6, dola 6, ili tusikate hata waya mmoja wa gari. Alifanya haraka, redio ikaimba, akaondoka. Niliona ameunga pamoja waya wa njano na mwekundu wa redio, nikamuuliza. Akasema: "Yaya, vile njo muzuri, itaimba hata bila ufunguo." Ningemzuia hapo hapo. Sikumzuia.

Jumapili na Jumatatu gari lilikaa uani. Leo asubuhi, na baridi hii ya Juni, ufunguo haukuwasha hata taa ya dashibodi. Vitz yangu ni otomatiki, haisukumwi ikawaka. Betri imetolewa, imebebwa kwa kijana wa kuchaji, dola 2, na nimefika kazini saa nne.

Nimenunua mita ya umeme, dola 8, na kuanzia leo siungi kitu bila mita. Niliweka mita kwenye ampea, nikaipitisha kati ya nguzo hasi ya betri na waya wake, gari limezimwa, redio imezimwa kwa kitufe chake: ampea 0.42. Kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumanne alfajiri ni saa 60. Zidisha: ampea-saa 25, kwenye betri ya 35. Redio iliyozimwa kwa kitufe ilikuwa macho muda wote kwa sababu waya mwekundu ulikuwa unaiambia kwamba ufunguo umewashwa.

Sasa maelezo yenyewe. Upande wa redio, njano ni umeme wa kudumu unaotunza saa na stesheni ulizohifadhi. Nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukiwa kwenye ACC, hatua ya kwanza ya kuuzungusha. Nyeusi ni masi, yaani upande hasi, inarudi kwenye bodi. Upande wa Toyota, umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, ACC ni kijivu, masi ni kahawia. Usiniamini mimi, wala usiamini rangi: weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye masi. Waya unaoonyesha 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni ndio wa kudumu. Unaoonyesha 12 ukizungusha ufunguo hatua moja na sifuri ukiutoa, huo ndio ACC.

Jioni nilipounga upya peke yangu nilizigeuza: njano kwenye kijivu, nyekundu kwenye bluu-njano. Redio inaimba vizuri kabisa hivyo, ndiyo maana kosa hili linakaa kwenye magari ya watu miaka. Dalili yake ni kwamba kila ukizima gari inasahau saa na stesheni. Nimezirudisha, nikapima tena gari likiwa limelala: ampea 0.02. Hiyo ni ya kawaida, gari zima.

Pengo la pembeni: nafasi ya redio kwenye Toyota za Japani ina upana wa milimita 200, na redio ya kawaida ni 180. Fundi alijaza kwa katoni iliyokunjwa. Nimeitoa, nikaweka vipande vya plastiki vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo pamoja na kijisanduku cha kujaza nusu ya chini, dola 4 vyote. Mama ataweka miwani humo.

Jumapili, 30 Juni. Spika za mbele

Sikukuu ya uhuru, mji umetulia, nimepata siku nzima.

Vitz yangu ina spika mbili tu, za milango ya mbele. Milango ya nyuma ina matundu yaliyofunikwa na hayana kitu. Zile za mbele karatasi yake imechanika pembeni. Nimenunua jozi ya sentimita 16, omu 4, dola 22, na kwa seremala nimekatiwa pete mbili za plaiwudi, dola 3. Nimezipaka vanishi mara tatu pande zote, hasa kwenye ukingo uliokatwa, kwa sababu ndani ya mlango maji ya mvua hupita kila siku kuanzia Novemba, na plaiwudi isiyopakwa itavimba kama mkate.

Kufungua mlango ni skrubu mbili tatu na kuvuta kwa nguvu ya polepole. Spika ya Toyota haikushikwa kwa skrubu, imepigwa ripiti, yaani vijipini vya chuma visivyofunguka kwa bisibisi. Lazima utoboe vichwa vya ripiti kwa dirili. Hapa nimefanya kosa lililonigharimu saa moja na nusu: nilitandika mkeka mmoja chini ya mlango, na spika mpya nikaziweka juu ya mkeka huohuo. Vumbi la chuma lilianguka, sumaku ikalivuta lote. Likiingia kwenye mwanya wa koili, spika itakwaruza hadi mwisho wa maisha yake. Kulipuliza hakusaidii, linarukia upande wa pili. Nilichofanya ni kukandamiza utepe wa gundi, kuvua, kuweka mpya, tena na tena, hadi ukatoka msafi. Spika mpya zibaki kwenye boksi, chumba kingine, mpaka dirili imerudi kabatini.

Karatasi ya nailoni iliyo nyuma ya kava ya mlango, mimi nilichana pembe. Msiitupe. Inazuia maji yasiingie ndani ya gari, na inazuia pia sauti ya mgongo wa spika isichanganyike na ya mbele. Nimeibandika upya kwa ile gundi nyeusi ya asili. Ukiipasha moto kidogo kwa kikausha nywele inashika kama mpya.

Kisha kosa la pili, na hili ndilo ningependa watu wengi walijue. Nilifunga kila kitu, nikawasha wimbo ninaoujua vizuri, na besi ilikuwa imetoweka. Sauti ya spika mpya ilikuwa nyembamba kuliko ya zile zilizochanika! Nilikaa ndani ya gari nimevunjika moyo kabisa. Nikacheza na balansi: nikapeleka sauti yote kushoto, besi ikarudi. Nikapeleka yote kulia, besi ipo. Nikaweka katikati, ikapotea. Spika moja ilikuwa imeungwa kinyume: moja ikisukuma hewa, nyingine inavuta, na mawimbi mazito yanauana katikati ya gari. Sauti nyembamba hazidhuriki sana, hivyo unaweza kukaa mwaka ukidhani umenunua spika mbaya.

Chanzo ni rangi. Upande wa kushoto Toyota hutumia waridi kwa chanya na zambarau kwa hasi. Kulia ni kijani hafifu kwa chanya na bluu kwa hasi. Mimi nilidhani bluu ndiyo chanya. Njia ya kuhakikisha ni betri ya rimoti, volti 1.5: gusisha chanya ya betri kwenye waya unaodhani ni chanya, hasi kwenye mwingine, kwa sekunde moja tu. Koni, yaani karatasi ya spika, ikiruka nje uko sawa. Ikirudi ndani umegeuza. Fanya hivi kabla ya kufunga mlango, si baada yake kama mimi.

Saa kumi na mbili jioni, milango yote miwili imefungwa. Gita la besi limekaa mahali pake. Jirani alikuja kusikiliza, na tulikaa mpaka giza.

Jumapili, 7 Julai. Muziki utoke wapi?

Wiki nzima nimejaribu kila njia, nikienda kazini na kurudi.

Kirusha-FM cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, dola 6. Nilikijaribu kwa sababu madereva wengi wa teksi wanacho. FM yenyewe inakata sauti zote zilizo juu ya kilohezi 15, na hapa mjini masafa yamejaa; niliyoyaona matupu nyumbani, nikifika katikati ya mji yana mwenyewe. Kwa mwenye redio isiyo na tundu lolote kinafaa. Kwangu hapana.

Waya wa AUX kutoka kwenye simu, dola 2. Sauti nzuri, mpaka nilipochomeka chaja. Ikatoka mluzi unaopanda na kushuka na mguu wangu kwenye mafuta. Ni altaneta: umeme umepata njia mbili za kurudi kwenye masi, moja kupitia redio, nyingine kupitia chaja na waya wa AUX, na kelele inazunguka kati yake. Kuna kidude cha kutenganisha masi kinachochomekwa katikati ya waya, sikukinunua. Ukitoa chaja mluzi unaisha.

Bluetooth imenishangaza kwa uzuri. Redio nyingi za bei hii zinatumia mfumo wa kubana sauti uitwao SBC, ambao mwisho wake ni kama kilobiti 328 kwa sekunde, kwa hiyo wimbo unasagwa mara ya pili baada ya kusagwa kwenye faili. Ndani ya gari linalotembea sikusikia hasara. Kinachosumbua ni simu: ujumbe ukiingia muziki unashuka, na mdogo wangu akiingia na simu yake zinagombania redio.

Muziki wa kutiririsha mtandaoni nimeupigia hesabu tu. Kwa kilobiti 320, saa moja ni megabaiti 144. Saa moja kwa siku, siku 26, ni karibu gigabaiti 3.7 kwa mwezi. Na kwenye barabara ya Likasi mtandao unakatika mahali ninapopajua.

Kwa hiyo flashi kwenye USB ndiyo njia kuu, Bluetooth ya akiba.

Halafu swali la aina ya faili. Wimbo wa CD, bila kubanwa, ni kilobiti 1411 kwa sekunde, megabaiti kama 10.6 kwa dakika. FLAC huubana hadi karibu nusu bila kupoteza kitu. MP3 ya 320 ni megabaiti 2.4 kwa dakika, na ya 128 haifiki moja. Mdogo wangu alinichezea wimbo uleule mara kumi kwa kila jozi, mimi nimefumba macho, gari limeegeshwa. Kati ya 128 na 320 nilipatia mara nane. Matoazi ya 128 yanasikika kama yamelowa maji. Kati ya 320 na FLAC nilipatia mara tano, sawa na kurusha sarafu. Nimeamua: FLAC ibaki nyumbani kwenye diski kama mama wa faili zote, na nakala za MP3 320 ziende garini.

Jumamosi, 20 Julai. Flashi ya uongo

Niliona flashi ya GB 64 kwa dola 7 nikainunua. Redio haikuisoma. Tatizo la kwanza ni mpangilio wa ndani wa kuhifadhi faili: flashi za GB 64 kwenda juu huja na exFAT, na redio yangu, kama nyingi za aina yake, inasoma FAT32 tu. Windows kwenye dirisha lake la kawaida la kufomati haikunipa FAT32 kwa flashi inayozidi GB 32. Ilibidi nitumie programu nyingine. Baada ya hapo redio ikaisoma. Nikajaza nyimbo.

Siku ya tatu albamu mbili za mwisho zilikuwa zinacheza kelele, na nyingine zina majina sahihi lakini ndani mna wimbo wa mtu mwingine. Nikaipima kwa programu ya H2testw, inayojaza flashi yote kisha kusoma ilichoandika. Nafasi halisi ilikuwa GB 8. Imepakwa jina la 64. Ukipita 8 inaandika juu ya zilizotangulia. Nashukuru nilikuwa na nakala zote nyumbani. Kama ningekuwa nimeweka humo kanda za mama pekee na kufuta kwenye kompyuta, ningekuwa nimezipoteza. Nimenunua nyingine ya GB 32 kwa dola 9 kwenye duka lililokubali niipime hapo hapo. GB 32 kwa MP3 320 ni zaidi ya saa 210. Inatosha.

Mpangilio wa nyimbo nao umenitesa. Nilizipa majina kuanzia 01, 02, 03, lakini redio ilicheza 07, 02, 11. Redio nyingi haziangalii jina. Zinafuata mpangilio ambao faili ziliandikwa kwenye flashi. Kompyuta ukiburuta faili ishirini kwa pamoja inaweza kuzituma kwa mpangilio wake. Nimefuta zote, nikanakili folda moja baada ya nyingine, na ndani ya folda kuanzia 01. Sasa zinakwenda sawa. Ukiongeza wimbo mmoja katikati, itabidi ufute folda hiyo na kuiandika upya.

Jumapili, 28 Julai. Kanda za mama

Nimepata kicheza-kaseti cha mkononi kwa dola 10, mkanda wake wa mpira ukiwa bado hai. Waya ule wa AUX wa dola 2 ndio umefanya kazi hapa: kutoka tundu la spika za masikioni hadi tundu la maikrofoni la kompyuta. Programu ya kurekodi ni Audacity, kwa ubora wa CD: kilohezi 44.1, biti 16.

Kanda ya kwanza niliirekodi mara tatu. Mara ya kwanza nilipandisha sauti sana ikapasuka kwenye vilele. Kwaya inaimba kwa sauti ya chini dakika mbili, halafu wote wanaingia pamoja, na hapo ndipo inapovunjika. Sasa naweka vilele karibu na desibeli 6 chini ya mwisho na sigusi tena. Mara ya pili kulikuwa na mvumo mzito muda wote. Umeme ulikatika katikati ya upande B, na kompyuta ilipohamia kwenye betri yake, mvumo ukakatika palepale. Tangu hapo nachomoa chaja kabla ya kurekodi. Sijawahi kufurahia umeme kukatika kama siku hiyo.

Mara ya tatu mvumo haukuwepo, vilele salama, lakini sauti imefifia kama mtu anaimba nyuma ya pazia. Nilidhani kanda imechoka. Kumbe ni pembe ya kichwa, kile kinachosoma kanda. Kila mashine iliyorekodi kanda ilikuwa na kichwa chake kimeinama kidogo kwa namna yake, na ukicheza kwa mashine nyingine sauti nyembamba zinapotea. Kando ya kichwa kuna skrubu ndogo yenye chemchemi. Nikaweka kanda icheze, bisibisi ndogo, nikazungusha robo ya robo, nikisikiliza herufi S za waimbaji. Pazia likafunguka. Niliita watu nyumbani wasikilize. Kila kanda inahitaji kurekebishwa upya, dakika mbili tu, na kazi hii haina mbadala kwenye kompyuta. Sauti ambayo haikusomwa huwezi kuirudisha.

Kaseti ya C-90 ni dakika 45 kila upande, na hakuna njia ya mkato: unarekodi kwa mwendo wake. Nimemaliza tisa. Kwenye tatu ni magitaa, na mojawapo nina hakika ni Jean-Bosco Mwenda, yule ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huku kwetu Katanga, akipiga gita kavu kwa namna ambayo unadhani ni watu wawili. Mama aliinasa hewani, unasikia mtangazaji akiingia kabla nyuzi hazijanyamaza. Sijamkata mtangazaji. Wala sijaondoa mchakacho wa kanda kwa programu. Nilijaribu, na sauti za kwaya zikawa na mlio wa ndani ya chupa.

Jumapili, 4 Agosti. Likasi na kurudi

Tulitoka alfajiri ya 1 Agosti, mama mbele, mdogo wangu nyuma na majembe na ndoo. Kilomita kama 120. Sikumwambia kitu, niliacha FM mpaka ilipoanza kukwaruza nje ya mji, ndipo nikageuza kwenye USB.

Alinyamaza upande mzima wa kanda ya kwanza. Wa pili akaanza kutaja majina: huyu anayeanza ni fulani, alihamia Kolwezi, huyu anayekohoa kabla ya wimbo wa nne ni baba yako, alikuwa anashika redio-kaseti. Niliegesha pembeni, nikachukua daftari. Alitaja watu kumi na wanne. Leo nimeyaandika yote kwenye majina ya faili na ndani ya faili za FLAC, pamoja na mwaka kwa zile anazoukumbuka.

Mapungufu yaliyoonekana barabarani. Kwenye mwendo wa 90 sehemu za kwaya zenye sauti ya chini zinamezwa na matairi, na sauti ikipandishwa, wimbo wa dukani unaofuata unaruka juu kama kofi. Kwenye nakala za garini tu nimesawazisha viwango vya sauti. Za nyumbani sijazigusa. Pia kava ya mlango wa kushoto inatetemeka kwenye besi. Nimefungua, klipu moja ilikuwa imevunjika tangu 30 Juni. Nimeweka kipande cha sponji mpaka nipate klipu.

Gharama hadi leo ni dola 132. Kati yake, 30 zimekwenda bure: kidude cha masafa, kirusha-FM, flashi ya uongo, fundi, na kuchaji betri. Spika za nyuma nimeziahirisha. Kwa watu wawili wanaokaa mbele hazihitajiki.

Zimebaki kaseti mbili. Moja utepe wake umeng'oka kwenye kigurudumu ndani. Imefungwa kwa skrubu tano, si kwa gundi, kwa hiyo inafunguka. Nitaifungua Jumamosi mezani, juu ya kitambaa cheupe, mama akiwepo.